Ridhaa ya Mama Mwajabu

Mama Mwajabu alitoa damu saa tatu asubuhi ya Ijumaa, na kabla hajamaliza soda aliyopewa, Msajili akaniandikia kwamba mwanamke yule si mama wa mtu.

Maandishi yalitokea kwenye ukuta wa ofisi yangu, ya kijani, yenye adabu zake zote. "Faili 362. Mtoa damu amelinganishwa na mtoto. Si mzazi. Uhusiano unaokadiriwa: dada wa mama mzazi. Ridhaa ina shaka. Kifani kitazimwa baada ya saa arobaini na nane, isipokuwa shaka iondolewe. Siku njema, Afisa Veneranda."

Niliyasoma mara tatu. Halafu nikafanya kitu cha kijinga, nikapangusa ukuta kwa kiganja kana kwamba ni vumbi.

Msajili si mtu. Ni mashine inayoshika Sheria ya Vifani katika kila maabara ya nchi hii, na amefungwa moja kwa moja kwenye viatamio vyenyewe. Hachoki, hakasiriki, hatoki kwenda kula mchana. Hapa taasisini Singida tumemzoea mpaka wengine tunamwamkia tukiingia kazini. Ila Msajili akisema kitu kitazimwa, hakuna wa kumshika mkono, kwa sababu mkono hana.

Na kilichokuwa kizimwe kilikuwa kwenye kiatamio namba sita, ghorofa ya chini, kina siku kumi na tisa na ukubwa wa punje ya mtama. Chumba kile wafanya usafi wanakiita Bandani, maana viatamio vyake vinafanana sana na vile vya kutotoleshea vifaranga, na Singida hakuna asiyejua kuku. Karibu miezi miwili iliyopita tulichukua ngozi kidogo ya mkono wa Mwajabu. Seli zake zikarudishwa nyuma, nyuma, mpaka zikasahau kwamba ziliwahi kuwa ngozi. Ile herufi moja iliyokosewa kwenye maandishi ya damu yake, inayozikunja chembe zake zikawa kama mundu, ikasahihishwa. Kisha zikaachwa zijipange zenyewe, nazo zikajipanga kama kiinitete. Hicho ndicho kifani: hakina yai wala mbegu ya mwanamume, na hakiwezi kuwa mtoto hata ukikipa miaka mia. Lakini siku ya ishirini na saba, ubavuni mwa mshipa wake mkuu, huchipuka seli shina za damu, changa kabisa, za Mwajabu mwenyewe. Zikishavunwa, kifani huzimwa. Kabla ya siku hiyo seli hazipo, na kifani hakigandishiki kikasubiri.

Mwajabu alikuwa na miaka saba, na alikuwa ghorofa ya juu katika chumba safi. Kwa kuwa seli zikivunwa huishi saa chache tu, mwili wa kuzipokea lazima uandaliwe mapema. Siku nne zilizopita dawa ilimaliza kuufuta uboho wake wote. Hakuwa akijitengenezea hata tone moja la damu. Alikuwa akiishi kwa damu za watu, na ndiyo maana mama yake alikuja kutoa yake.

Namwita jina hilo, mama yake, wala sioni haya.

Nilimkuta kwenye korido, pamba imebanwa kwenye kiwiko, kanga ameitandaza magotini. Siwema Ntandu, mwanamke wa Ilongero, mkulima wa alizeti, mwenye tabia ya kukuchekea kabla hujasema kitu. Aliponiona akanisogezea nafasi kwenye benchi.

"Damu yangu imekataa?" akauliza.

"Haijakataa. Ni nzuri, wameshaipeleka juu." Nikakaa. "Mama Mwajabu, naomba unisamehe kwa swali hili. Mwajabu umemzaa wewe?"

Tabasamu likaondoka. Aliangalia huku na huku kwanza, kuona kama kuna mtu amesikia.

"Dada Vene, hilo ni swali la kuniuliza mimi hapa koridoni?"

"Si langu. Ni la mashine."

"Mashine ina mama, hata ijue?" Akakunja pindo la kanga. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila hasira, "Mdogo wangu, Tunu. Alijifungua hospitali ya wilaya, damu ikamtoka, haikukatika. Mimi nilikuwa nanyonyesha kaka yake Mwajabu. Wakaniletea mtoto nikampa ziwa, Tunu bado hatujamzika. Basi. Kwetu maneno yakaishia hapo. Mume wangu hajawahi kulisema, mama mkwe hajawahi kulisema. Mwajabu mwenyewe hajui. Ulitaka ajue ili iweje?"

"Na siku ile ulipokuja kusaini, kwa nini hukuniambia?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Uliniuliza?"

Sikumuuliza.

Niseme ilivyokuwa. Fomu ya ridhaa ina maswali mawili yanayofuatana. La kwanza, wewe ni nani kwa mtoto huyu? Siwema alijibu "mama" huku Mwajabu yuko mapajani pake anamenya karanga. La pili, ulimzaa wewe? Mwongozo unasema afisa aliulize kwa sauti, neno kwa neno, na aandike jibu kama lilivyotolewa. Mimi nimekaa kiti kile miaka mitatu na sijawahi kuliuliza hata siku moja. Huku kwetu humuulizi mwanamke aliyempakata mtoto kama amemzaa. Ni kumvua nguo mbele za watu. Anayejua hasemi, na anayesema ni mlevi au ana ugomvi. Kwa hiyo swali la pili huwa nalijaza mwenyewe, Ndiyo, na kumpa mama kalamu asaini. Niliona huo ndio utu. Nilikuwa hata nawatania wenzangu wa Dar es Salaam wanaouliza, nawaambia hawakulelewa.

Ningemuuliza, Siwema angesema kweli pale pale. Faili lingekwenda mahakamani kama faili la yatima, lingekaa wiki tatu, na kibali kingetoka. Mwajabu angechelewa wiki tatu, uboho wake ukiwa mzima. Hilo tu.

*

Bandani nilimkuta Gerevazi, fundi wa viatamio, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alikuwa ameshausoma ujumbe. Alinionyesha picha ya kifani kwenye kioo: mstari mmoja mwembamba uliopinda, na vijivimbe pande mbili.

"Moyo bado," alisema. "Siku mbili tatu hivi ungeanza kudunda."

"Tukikitoa? Tukakihamishia kwenye kile kiatamio cha zamani, cha kufundishia?"

"Ukigusa mlango kabla ya kibali, kinajichoma. Wewe unajua."

"Lazima kuna njia ya fundi, Gerevazi. Nyie mafundi hamkosi njia."

"Hakuna ufunguo, dada. Kiwandani kwenyewe hakuna. Si ninyi wenyewe mlio..." Akaishia hapo, akavua miwani na kuanza kuifuta.

Sisi wenyewe, ndiyo. Nilikulia kwenye kituo cha watoto yatima, sitakitaja. Nikiwa na miaka sita walikuja watu wenye makoti meupe, wakatupangusa mashavu kwa pamba, wakatupa biskuti na mwanasesere kila mmoja. Nikiwa na ishirini na nne nikapata barua kwamba kutokana na shavu langu vimetengenezwa vifani mia nne na kumi na moja, vikauzwa, vikakuzwa siku nyingi kuliko mtu yeyote anavyotaka kuniambia. Sikulia. Nilikwenda bungeni nikasimama mbele ya kamati. Niliwaambia kwamba waliotufanyia vile walikuwa watu wenye huruma, kila mmoja wao, na kila mmoja alikuwa na sababu nzuri, kuna mgonjwa mahali fulani anayesubiri. Nikasema, yatima hana mtu wa kumsemea, kwa hiyo msimwachie mtu ufunguo. Mkimwachia mtu, ipo siku atakutana na sababu nzuri.

Walinipigia makofi. Kifungu kile kikaingia kwenye sheria karibu kama nilivyokisema, na mpaka asubuhi ya Ijumaa ile nilikuwa najivunia.

Bado naamini nilisema kweli. Hilo ndilo linaloniua.

Nikampigia karani wa mahakama ya watoto. Alikuwa mstaarabu. Alisema hakimu yuko kwenye kesi, atamfikishia. Nikamuuliza kama hati ya yatima imewahi kutolewa chini ya wiki tatu. Akasema kwa kumbukumbu zake haijawahi, ila asingependa kunikatisha tamaa. Nikamuuliza kama hakimu anaweza kuketi Jumamosi. Akacheka kidogo, cheko la uchovu, akasema atajaribu kuomba.

Nilikata simu nikiwa na hakika kwamba hapo hakuna kitu. Nilijua mahakama zinavyokwenda. Nilidhani najua.

*

Kifungu cha kumi na tisa kinasema mama ni aliyezaa, hata kama yai lilikuwa la mtu mwingine. Nilikisoma mchana ule nikiwa nimesimama, na jasho likanitoka. Damu ya Siwema ilisema yeye ni dada wa mama mzazi. Mwanamke aliyepewa yai na mdogo wake, akabeba mimba mwenyewe, damu yake ingesema vivyo hivyo. Ilikuwa inatosha kuongeza maelezo: jina la mtoa yai, na sauti ya mama akithibitisha.

Nilimwita Siwema ofisini nikafunga mlango. Nilimweleza taratibu.

"Kwa hiyo niseme Tunu alinipa yai," alisema.

"Ndiyo. Ukambeba wewe, ukamzaa wewe."

"Mimi nitasema lolote, dada. Wakitaka nitasema nimemtapika." Akajaribu kucheka, ikashindikana. "Lakini Tunu lazima atajwe? Tangu tumzike hatujamtaja kwa jambo hili."

"Lazima. Bila jina la mtoa yai fomu haipokelewi."

"Na wewe? Hii si ndiyo kazi yako, kuzuia watu wasidanganye?"

Niliwaza juu ya chumba safi, na yule mtoto aliyenyonyoka nywele kichwa chote, anayewaita wauguzi wote kwa majina yao. Niliwaza pia watoto wa kituo chetu, na kama kuna afisa mahali fulani, muda ule ule, anajaza uongo kama wangu kwa sababu mbaya. Nilijua yupo. Nikageukia ukuta.

Siwema alivua ndala, sijui kwa nini, akasimama wima mbele ya maandishi ya kijani kama anayetoa ushahidi msikitini. Akasema jina lake. Akasema amembeba Mwajabu miezi tisa, amemzaa, kwa yai la mdogo wake Tunu Ramadhani Ntandu. Sauti yake haikutikisika hata kidogo. Ilikuwa sauti ya mtu anayesema kweli, na nadhani moyoni mwake alikuwa akisema kweli.

"Asante," Msajili akasema. "Namtafuta mtoa yai."

Tulisubiri. Nje mtu alikuwa anafagia.

"Nimempata. Tunu Ramadhani Ntandu alifariki tarehe kumi na mbili Juni kwa kutokwa damu, baada ya kujifungua mtoto mmoja wa kike, akiwa hai. Mtoto wa faili 362 amezaliwa tarehe kumi na mbili Juni, hospitali hiyo hiyo. Maelezo yaliyotolewa si ya kweli. Muda wa saa arobaini na nane umefutwa. Kifani kinazimwa sasa."

Cheti cha kuzaliwa alikitafuta Siwema, akajiandikisha mama, na Msajili hakuwahi kuwa na sababu ya kumtafuta marehemu Tunu kwenye daftari la vifo. Sababu nimempa mimi. Nimemfikishia jina.

Nilikimbia ngazi zote mpaka Bandani, nikijua kabisa hakuna ninachokwenda kufanya. Gerevazi alikuwa amesimama mbele ya kiatamio namba sita, mikono nyuma. Hapakuwa na cha kuona. Namba ya joto ilikuwa inashuka kwenye kioo, thelathini na saba, thelathini na moja, ishirini na tano, na ule mstari mwembamba ulikuwa bado pale, umepinda vile vile. Ilipofika nne taa ikazimika. Gerevazi akaandika saa kwenye daftari lake la mkono, maana yeye bado anaandika kwa mkono.

"Pole, dada," akasema.

Simu ya karani ilinikuta hapo hapo. Alikuwa na furaha, alikuwa amenifanyia kazi. Hakimu amesoma maombi, amekubali kuketi kesho saa nne asubuhi, jambo ambalo yeye karani hajawahi kuliona tangu aanze kazi. Hakimu amesema mama aje na shahidi mmoja tu aliyemjua marehemu, inatosha.

"Haloo?" karani alisema. "Afisa, umenisikia?"

*

Daktari Nkungu alituweka chumba kidogo cha maelezo, mimi na Siwema. Ni mwanamke mkweli, hana maneno ya kuzunguka.

"Tunaweza kuanza kifani kingine. Lakini kutoka ngozi mpaka mavuno ni siku sitini, mkienda mbio. Bila uboho, kwa damu za kuongezewa na dawa za maambukizi, mtoto wa umri huu, mbali nilikowahi kumfikisha ni siku ishirini na sita."

"Uboho wangu mimi?" Siwema aliuliza. "Chukueni wote."

"Tulishakupima ulipotoa damu. Ungemuua haraka zaidi. Tumetafuta na kwenye orodha za nje. Tutaendelea kutafuta, mama. Siwezi kukuahidi."

Siwema akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepewa maelekezo ya njia. Halafu akaniangalia mimi. Nilingoja anitukane, nilikuwa nayataka mno matusi yake. Nikamwambia kosa ni langu, kwamba swali nililiruka mimi, na uongo ni wangu, na mahakama ilikuwa imekubali. Nilimwambia yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniuliza siku ile mbele ya mtoto," alisema, "ningeondoka nisirudi tena." Akafikiri. "Sijui. Labda ningerudi."

Hilo ndilo alilonipa. Sijui kama lilikuwa msamaha, na sikuthubutu kuuliza.

Saa kumi na moja Msajili aliniandikia tena. Mtoto wa faili 362 sasa ametambuliwa kuwa yatima asiye na hati. Kwa mujibu wa kifungu cha saba, mlezi wake wa muda ni afisa aliyelishika faili, mpaka mahakama iteue mwingine. Shauri la udanganyifu dhidi ya afisa huyo huyo litasikilizwa baada ya siku tisini. Tulipoandika kifungu cha saba hatukuwahi kufikiria kwamba afisa mwenyewe ndiye atakuwa mwongo. Tulimfikiria mtu mwema, tukampa mtoto.

Nilikuwa bado naukodolea macho ukuta mlango ulipogongwa. Siwema aliingia na karatasi aliyopewa na wauguzi wa ghorofa ya juu. Walikuwa wamemzuia mlangoni. Kuanzia leo, walimwambia, asiye mzazi haingii chumba safi bila kibali cha mlezi.

"Ameshaanza kuniita," alisema. "Namsikia kutoka nje. Wamesema wewe ndiye wa kusaini."

Karatasi ilikuwa na nafasi ya jina langu na nafasi ya muda. Niliandika siku zote, mchana na usiku, nikaielekeza karatasi ukutani Msajili aisome, ukuta ukakataa. Nikaandika siku moja, ukakataa. Asiye mzazi anaruhusiwa muda wa saa mbili, si zaidi.

Nikaandika saa mbili, nikasaini.

Siwema akaipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama tunavyofundishwa kufanya mbele ya mtu aliyetupa kitu.

"Asante, mama," akaniambia, akaenda mbio.